Uzi wa Bwana Mita

Shangazi yangu ana kipaji cha kupanga maisha ya watu. Mwaka ule alipanga yangu: niolewe na Bwana Mita, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, mgane asiye na mtoto, mtu wa heshima zake. Baba alikubali. Mimi sikuulizwa, kwa sababu nilikuwa chini ya meza natengeneza cherehani, na nyumbani kwetu watu huamini kwamba aliye chini ya meza hasikii.

Nilisikia kila neno. "Mke wa mwenye duka hashindi karakanani mikono imejaa oili," Shangazi alimwambia Baba. "Akishaolewa, funga karakana, kaka yangu. Macho yako yamechoka."

Karakana hiyo ndiyo maisha yangu. Baba alinifundisha kazi tangu kichwa changu kilipofika ukingo wa meza, na macho yake yalipoanza kufifia, mimi ndiye nikawa natunga sindano, nabadilisha mikanda, nasikiliza mashine ikikwaruza na kujua inaumwa wapi. Siku ile ile nilimfuata Shangazi jikoni nikamwambia sitaki. Akanipapasa bega. "Mwanangu, bado hujui unachotaka. Tulia." Kutulia mimi? Hata tumboni mwa mama yangu sikutulia.

Ila kwa werevu wake wote, Shangazi alifanya kosa moja. Alimwalika Bwana Mita aje kuposa siku ya Raksha Bandhan, sikukuu ya uzi kwetu Wahindu. Siku hiyo ya mwezi mpevu, dada humfunga kaka yake uzi wa rangi mkononi, na kaka huapa kumlinda. Bwana Mita hana dada. Wenzake wote hupita mtaani wakionyesha nyuzi zao, yeye mkono mtupu. "Atakuwa mpweke," Shangazi alisema, "na moyo wa mpweke ni laini." Hesabu nzuri. Alisahau tu kwamba nyumbani kwetu siku hiyo uzi haukosekani.

Marehemu Mama alinihadithia asili yake. Mungu mmoja wa kwetu alijikata kidole, damu ikawa inatoka. Wengine walipokuwa wanahangaika kutafuta dawa, malkia mmoja alirarua pindo la vazi lake akamfunga. Tangu hapo mungu akamwita dada. Na siku maadui walipotaka kumvua malkia nguo mbele ya watu, kitambaa hakikuisha. Walivuta mpaka wakachoka wenyewe. Ndiyo maana mwanamke akimfunga uzi mwanamume asiye ndugu yake, huyo amekuwa ndugu. Kumwoa tena hawezi. Na kuukataa uzi ni aibu isiyotoka kwa sabuni.

Asubuhi nilisugua oili yote mikononi, nikavaa sari ya njano, nikakaa kusokota nyuzi nyekundu na za dhahabu. Kila mwaka namfunga binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Safari hii nilisokota mbili.

"Mbona mbili?" Shangazi akauliza.

"Moja ya ziada. Uzi hukatika."

"Kweli," akasema, akaendelea kupanga vikombe.

Bwana Mita alifika na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni. Huo ndio uliompa jina, na nadhani hulala nao. Shangazi alimkalisha karibu na Baba, akaanza kumvisha kilemba cha ukoka: duka lake, tabia yake, hata viatu vyake. Nikaingia na sinia lenye taa ndogo, unga mwekundu, kitamutamu na uzi.

"Binamu yako hajafika," Shangazi akanikumbusha.

"Najua."

Nikampita. Nikapiga moyo konde, nikasimama mbele ya mgeni.

"Nipe mkono wa kulia, Bwana Mita."

Aliutazama uzi, akanitazama mimi. Si mtu mjinga.

"Binti, unajua unachofanya?"

"Najua."

"Nikikupa mkono huu, hakuna kurudi nyuma."

"Ndicho ninachotaka."

Shangazi akainuka. "Huyu mtoto anatania."

"Sitanii, Shangazi."

Bwana Mita alishusha pumzi, akafungua kifungo cha mkono wa shati, akanyoosha mkono. Nikamfunga kwa fundo tunalofungia mikanda ya cherehani, ambalo halifunguki kwa kuvuta. Nikamtia alama nyekundu kwenye paji la uso, nikamzungushia taa, nikamlisha kitamutamu. Alikitafuna polepole sana.

Kisha akaanza kujipapasa mifukoni, maana kaka hutoa zawadi. Kisanduku kidogo cha pete kikachungulia kwenye koti. Akakisukuma ndani, akakohoa.

"Sina zawadi ya dada leo. Niliyonayo ni ya mtu mwingine." Akautazama mkono wake. "Lakini naweza kuuliza. Unataka nini, dada yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na watu watatu. Swali sikujiandaa nalo.

"Karakana isifungwe," nikasema. "Nataka niwe fundi wake."

Akamgeukia Baba. "Mzee, umemsikia dada yangu. Atakayetaka kumtoa karakanani aanze na mimi."

"Makubwa haya," Shangazi akasema, akajiangusha kitini. "Nimeleta mkwe, nimepata mwana."

Bwana Mita akacheka. Baba hakucheka. Alinigeuzia uso, macho yake mabovu yakinitafuta ndani ya sari ile ya njano.

"Mbona hukuniambia mimi, mwanangu? Mpaka umwendee mgeni?"

"Baba, hukuniuliza."

Nikadhani nimemuumiza, na nilikuwa nimemuumiza kweli. Halafu akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakigonga kwa kiganja.

"Kaa hapa," akasema. "Nakuuliza sasa."