Mafundo ya Verlin

Jumamosi ya kwanza ya Mei, Verlin Tollefsrud alimaliza kupitisha waya katika bawa la kushoto la ndege aliyokuwa akiiunda gerejini kwake, Wisconsin. Kila baada ya upana wa vidole vinne alifunga fundo kwa uzi wa nta, akalikaza, akakata ncha. Saa hiyo mkewe, Ardis, alikuwa akiendesha gari kwenda Eau Claire, alikolazwa dada yake Lavonne kwa maradhi ya figo. Alipofika darajani, kitu kilimkaza kiunoni. Akakanyaga mafuta, gari likanguruma bila kusogea. Akageuza, akarudi kupika.

"Ni mafundo yako haya," alimwambia mumewe akimmiminia kahawa.

"Yatakuwa ya bawa la kushoto," Verlin akakubali. "Waya ukilegea unasugua bati. Ukisugua unachubuka. Ukichubuka, moto. Unataka tuungue huko juu?"

"Nataka kwenda kwa Lavonne."

"Ngoja nimalize, nitakupeleka mwenyewe."

Mafundo ya bawa la kulia yakamzuia kufika hata mji wa karibu. Waya za mkia zilipofungwa, hata sanduku la barua pale barabarani akawa analitazama tu. Daktari alimjia nyumbani, akasema ameshaona wake wengine wawili wa waunda ndege walio hivyo, akamwandikia dawa ya kuchua. Verlin hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Maua ya bustanini alimchumia yeye, akamletea mpaka mlangoni.

Agosti alikuja mkaguzi wa ndege. Alivuta kila fungu la waya kuona kama linacheza, na kila alipovuta, Ardis aliyumba jikoni na bakuli lake la viazi.

"Samahani, mama," mkaguzi akasema kupitia dirishani.

"Si kitu. Ila niambie, hivi huwa hawaachi waya ulegee hata kidogo?"

"Wengi huacha kipande cha ziada nyuma ya dashibodi, kwa matengenezo. Mumeo hakuacha." Akatazama tena ndani ya ndege. "Miaka ishirini sijaona kazi safi namna hii." Akatia saini.

Septemba Verlin alitimiza ahadi. Ardis alikaa kiti cha pili, chupa ya supu mapajani, na ndege ilikokwenda naye akaenda bila shida. Walipotua Eau Claire alitembea hatua kumi na nane, mpaka kwenye uzio wa uwanja, kiuno kikakazwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuguzi alimsogeza Lavonne dirishani, na dada hao wakapungiana mikono mpaka ya Ardis ikachoka. Supu ikapoa.

"Si nilikwambia nitakufikisha?" Verlin akasema, na akampiga picha.

Siku ya tatu baada ya safari, Ardis alijikuta amefika kwenye sanduku la barua. Alilifungua, akaona bahasha yenye mwandiko wa Lavonne.

"Kumbe mtetemo umelegeza fundo moja!" Verlin alisema gerejini. Akatoa uzi, akakaza.

Ardis akarudi kinyumenyume, akavuka nyasi, akapanda ngazi, mpaka jikoni. Sanduku lilibaki wazi.

"Nimeiona barua yako," Verlin akamwambia. "Ngoja nimalize, nitakuletea."