Aliyekuwa Kazini

Sheria mpya ilisema wazi: anayepeleka vyakula kwa pikipiki kwa kuitwa na programu ya simu ni mfanyakazi kama wengine, na akifa kazini, watoto wake wasiachwe mikono mitupu. Ndiyo maana kaka mtu alimsindikiza shemeji yake, mjane wa mdogo wake, hadi ofisi ya kazi, moyo umemtulia kidogo.

Afisa alitazama kompyuta, kisha akainua uso. "Siku ya ajali marehemu hakuwa kazini. Aliyekuwa kazini ni wewe."

Kaka mtu alijua maana yake. Kampuni yenye programu ilikuwa imemfungia mdogo wake akaunti kwa kukataa safari za mvua, naye kaka mtu akamwazima ya kwake. Madereva wote huazimana, ndugu hatupwi.

"Sasa mdogo wangu kafia wapi?" alifoka. "Kafia harusini?"

"Sheria inamlinda mwenye akaunti," afisa alijibu taratibu. "Na mwenye akaunti ni wewe, mzima wa afya."

Simu ikalia mfukoni. Akaitoa, na shemeji yake akausoma ujumbe wa kampuni pamoja naye: "Pole kwa ajali. Umepata nafuu? Wateja wanakusubiri."