Vumbi la Darini

Kaka na mdogo wake walikuwa maseremala wa karakana moja, lakini kazi chafu ilikuwa na mwenyewe. Siku walipoitwa kubomoa dari iliyooza kwenye ghala la zamani, kaka alichungulia juu, akaona kinyesi cha popo kimejaa tele, akavaa barakoa pekee waliyokuwa nayo.

"Panda wewe, ndiwe mwepesi."

"Na barakoa, kaka?"

"Seremala anaogopa vumbi? Makubwa!"

Mdogo mtu akapanda. Kila ubao aliong'oa ulimmwagia vumbi usoni. Jioni alishuka akitema mate meusi, kaka akicheka mpaka akajishika mbavu.

Wiki chache baadaye kifua kikambana. Akakohoa, akakonda, jasho likalowesha shuka. Zahanati wakasema kifua kikuu. Akameza vidonge bila kuruka hata kimoja, wala nafuu asiione. Karakanani kaka akamtengea kikombe chake na kumsogeza pembeni. "Kikohozi chako kinanifukuzia wateja," alisema, mbele ya wateja wenyewe.

Vidonda vilipotoka mdomoni na ulimi ukawa mzito, mkewe alimpeleka hospitali kubwa. Daktari, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, aliwaambia:

"Si kifua kikuu. Ni kuvu. Inamea kwenye kinyesi cha popo. Mbegu zake alizivuta na vumbi, zikaota mapafuni, damu ikazibeba hadi kwenye ini na ngozi. Sasa zimefika kwenye ubongo. Dawa ipo, ila mmechelewa."

Dawa hiyo ya dripu ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia.

Kaka alikuja mara moja tu. Mgonjwa alipomwona mlangoni, machozi yalimlengalenga. Damu nzito kuliko maji, alijisemea. Kaka akamwinamia sikioni.

"Ile randa mpya umeiweka wapi? Kazi imekwama."

Ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitambaa. Ulimi ulishakufa, lakini mkono bado ungeweza kuashiria. Alimtazama kaka yake kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Hata kufa huwezi kufa na faida," kaka alisema, akatoka bila kumuaga shemeji yake.

Alfajiri mdogo mtu akakata roho. Kaka alichonga jeneza kwa randa ya zamani, butu, mbao zikabaki na makovu. Waombolezaji wakalipapasa, wakamsifu kwa moyo wake wa udugu.