Mukwe Wangu, Garde-malade Wangu

"Nani alikuambia umuingize huyu ndani?"

"Ni weye, maman! Nilikuuliza garde-malade wako, ule anakusindikiza, iko wapi, ukajibu iko inje. Njo ule niliita!"

"Garde-malade wa kunileta na pikipiki! Wa kushika mukoba! Si wa kuniangalia matiti!"

Nilipaza sauti kupita kiasi. Nje, korido nzima ilisikia.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, kitenge nimekikaza chini ya makwapa, blauzi na sidiria viko kwenye kiti. Muuguzi Martine alikuwa mlangoni, mkono bado kwenye kitasa. Daktari Placide alijifanya anatazama dirishani. Na Hugues, mume wa binti yangu Elodie, alikuwa amekwisha kutoka kinyumenyume, akaangusha beseni la chuma njiani.

Kwetu mkwe haingii hata chumba anacholala mama mkwe. Tangu amuoe Elodie, Hugues hajaniona bila kitambaa kichwani. Leo ameniona mgongo wote, mtupu, kabla sijakaza kitenge.

"Maman Marie-Louise," daktari alisema, "ni sheria yetu. Sipimi mwanamuke tukiwa wawili tu. Lazima mutu wa tatu abakie, utulie. Siku zote ni Martine, lakini leo batoto ba vaccin bamejaa kule."

"Na bengine banakuja na dada, na binti," Martine alidakia. "Nitajuaje kama weye ulikuja na mukwe?"

"Ungeuliza!"

"Niliuliza!"

Kweli aliuliza. Nilimjibu macho yakiwa kwenye simu, kwa haraka yangu ya kila siku. Hilo ndilo lililoniunguza zaidi.

Elodie ana kichanga nyumbani. Nilimwambia naenda kupima presha tu, akanipa mumewe anipeleke. Sikumwambia mtu habari ya kivimbe kilicho chini ya titi la kushoto, kigumu kama punje ya harage. Sasa, kwa mdomo wangu mwenyewe, korido yote inajua ni matiti.

"Tunaweza kupanga siku ingine," daktari alisema. "Ukuje na mwanamuke."

Nilichukua blauzi, nikaingiza mkono mmoja. Najijua. Mimi ndiye ninayewafokea wanawake wa parokia yetu kule Kasha: nendeni mupimwe mapema, munangoja nini? Lakini nikitoka mlango huu leo, sirudi. Nitakaa na hiyo punje kimya mpaka iote.

Mlango uligongwa kidogo sana.

"Maman?" Ilikuwa sauti ya Hugues. "Nilikuwa nasema... niache pikipiki kwa mulinzi, nirudie na miguu? Ukimaliza, atakutafutia mutu wa kukurudisha nayo. Hautaniona."

Kutoka pale hadi Kasha kwa miguu, milima yote ile! Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anaongea kama mtoto aliyevunja mtungi. Na mtungi niliuvunja mimi.

Mkono wangu ulibaki ndani ya blauzi.

"Hugues, usiende. Inje kuko banamuke?"

"Kuko maman moja. Iko anasuka mutoto nywele."

"Umuombe aingie."

"Nimuambie nini?"

"Umuambie kuko maman anaogopa kupimwa peke yake."

Neno hilo sikuwahi kulisema juu yangu. Martine aliacha kitasa. Nikamwambia, "Samahani, Martine. Uliniuliza." Akaitikia kwa kichwa, akaokota beseni.

Mwanamke aliingia na kitana kichwani, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ni weye unaogopa? Na sura hii ya kukamata mwizi?"

Nilicheka.

"Mutoto wako?" niliuliza.

"Nimemuachia ule papa wa mulangoni. Anamusuka vibaya, lakini anasuka."

Martine alikwenda kwa watoto wake wa chanjo. Nilivua blauzi tena, nikaitupa kwenye kiti, nikapanda kitandani. Yule maman, ambaye hata jina lake sikulijua, alisimama kichwani pangu, akanishika kidole gumba kama anayemvusha mtoto barabara.

"Munganga," nikasema, "anzia kushoto."

Nikashusha kitenge.