Vibati Mia Nne

Alhamisi saa nne asubuhi bodi ya hifadhi ilikuwa ikae kuamua kama nusu ya maji ya mto yachepushwe kwenda kwenye mashamba makubwa ya huko juu, na ripoti iliyowapa ujasiri wa kusema "ndiyo" niliiandika mimi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo nikagundua kwamba ripoti yangu ni upuuzi mtupu. Sasa niambie, mtu anaanzia wapi hapo?

Naanza na kazi yenyewe. Mimi ni daktari, lakini si wa kutibu. Mama mdogo nimemweleza mara ishirini, na bado kila akiniona ananinyooshea goti lake. Nilimaliza udaktari wa falsafa, nikapata mkataba wa miaka miwili wa utafiti chini ya Profesa: kutengeneza modeli, yaani hesabu ndani ya kompyuta, ya kubashiri mabadiliko ya tabianchi yataufanya nini uoto wa hifadhi. Unailisha joto, mvua na maji ya mto, nayo inakwambia miti ipi itakufa na ipi itabaki. Nyumbani wananiita Mganga wa Majani. Wacheke tu.

Modeli haijui kitu mpaka uifundishe kwa miti ya kweli. Yangu ilijifunza kwa miti mia nne ya kando ya mto, mikuyu na migunga, kila mmoja umepigiliwa kibati chenye namba. Vibati hivyo tulivipigilia miaka tisa iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi, mimi na mjomba, kaka yake mama, ambaye ni mhudumu wa hifadhi. Tangu hapo kila mwaka mjomba alizunguka na kamba ya kupimia, akapima unene wa kila mti, akaniletea daftari. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Miaka tisa, ukame mara tatu, na miti yote mia nne hai.

Ungekuwa wewe ungeshtuka, si ndiyo? Mimi nilifurahi. Baadhi ya miti ilionekana kupungua unene kidogo baada ya ukame, sentimita mbili, tatu, nami nikaandika sura nzima kwamba husinyaa ili kuvumilia kiu. Profesa aliisifu sura hiyo mbele za watu. Modeli nayo ikaitikia: chepusheni maji, miti itavumilia.

Jumatatu nilishuka mtoni na mjomba kupiga picha za kupamba maelezo yangu ya Alhamisi. Nikasimama kwenye mkuyu namba mia mbili na kumi na mbili, kibati kinang'aa. Hatua tatu pembeni palikuwa na mkuyu mwingine, umekauka wima, na usawa wa kifua ulikuwa na tundu la msumari.

"Mjomba, hili tundu la nini?"

"Huyo ndiye alikuwa mia mbili na kumi na mbili." Mjomba huisema miti kama watu. "Alikufa mwaka ule jua lilipotutoa roho. Nikamhamishia namba jirani yake."

"Ukamhamishia?"

"Si ulisema mwenyewe? 'Mjomba, hizi namba mia nne, piga ua, isipotee hata moja.' Basi haijapotea hata moja." Akatabasamu. "Na kila mara natafuta wa unene uleule, nisikuvurugie hesabu zako."

Nilikaa chini, palepale kwenye tope, suruali yangu ya ofisini na yote. Niliyasema kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, najifanya bosi, nikamtolea amri mtu mzima, naye akaishika miaka tisa. Nilitaka kumpigia kelele. Nimpigie kelele kwa lipi, kwa kunitii?

"Waliohamishwa wako wangapi, mjomba?"

Alinitazama, tabasamu likamwisha usoni. "Kwani nimeharibu, mwanangu?"

Walikuwa mia moja na arobaini na watatu, na aliwakumbuka wote. Jumanne nzima tulikaa sebuleni kwa mama, mimi na kompyuta mapajani, mjomba amefumba macho, anatembea kando ya mto kichwani mwake. Namba nne alikufa mwaka aliofariki baba yangu. Kumi na moja na kumi na mbili walikufa pamoja, mwaka uliofuata. Mama alikuwa akipita na chai, akadakia, "Wewe, mwaka huo si ulikuwa umevunjika mguu?" Mjomba akajibu bila kufumbua macho, "Nilivunjika, nikaenda kupima na magongo." Chai yake ilipoa, mama akaibadilisha, ikapoa tena.

Jumatano modeli ilitafuna namba mpya kwa saa tano. Jibu likatoka: maji yakipungua nusu, kiangazi cha pili wanaanza kufa wale wakubwa wa kona ya chini ya mto, na mwaka wa kumi na mbili hakuna msitu kando ya mto. Nikairudia. Nikaipunguzia joto, nikaiongezea mvua kidogo, nikaibembeleza kama mtoto anayekataa uji. Jibu lilelile. Nikalia hapohapo mezani, mlango wazi, potelea mbali atakayeniona.

Profesa aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama. "Kumbukumbu za mzee si takwimu," akasema. "Ukiyasema haya kesho, mkataba wako sitaweza kuutetea. Na huyo mzee wako ndiyo basi tena." Si mtu mbaya. Alikuwa na hofu kama mimi, ila yake ilikuwa na ofisi kubwa zaidi.

Jioni nilimweleza mjomba. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Sikufichi, nilikwenda pale nikiomba aniambie ninyamaze. Yeye alikuwa anapiga rangi kiatu cha kazi, akaendelea kupiga rangi, kisha akauliza, "Wale wa mtoni wamekukosea nini?" Akageuza kiatu upande wa pili. "Basi waambie ni mimi," akasema. "Nitakuja nikae nyuma."

Alikuja kweli, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa, akakaa kiti cha mwisho. Nilisema yote. Nilisema kosa ni langu, amri ilikuwa yangu, sura ya kusinyaa ni aibu yangu. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo, daktari, takwimu za kwanza si za kweli."

"Si za kweli."

"Na hizi za pili zimetoka kwa mtu yuleyule aliyeziharibu za kwanza. Kichwani mwake."

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Ungekuwa kwenye kiti changu, ungeziamini?"

Nyuma nikasikia kiti kikisogea. Mjomba alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Niulizeni yeyote," akasema. "Tajeni namba yoyote, nitawaambia alikufa lini." Hakuna aliyetaja namba. Mwenyekiti alimwambia kwa adabu, "Mzee, tafadhali kaa," naye akakaa. Walipiga kura kabla ya chakula cha mchana. Maji yakaenda.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, na sasa nafundisha biolojia sekondari. Mjomba walimwachisha kazi wiki ileile ya kikao, akarudisha sare, akabaki na kamba yake ya kupimia, ambayo hakuna aliyekumbuka kuidai. Kiangazi cha kwanza hakunipigia simu hata siku moja, nikaanza kujipa moyo kwamba modeli ilikosea. Mungu anajua, sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kuwa nimekosea.

Kiangazi cha pili, Jumamosi asubuhi, nasahihisha madaftari ya wanafunzi, simu ikalia. Nyuma ya sauti yake upepo ulikuwa unavuma.

"Mwanangu, una kalamu?"

"Ninayo, mjomba."

"Niko kona ya chini. Safari hii sijamhamishia mtu namba. Andika." Akakohoa. "Mia mbili na kumi na mbili, yule jirani. Mia mbili na kumi na tano. Na kumi na sita. Na kumi na tisa, yule mkubwa tuliyekula chini yake siku ya kwanza."

Niliandika nyuma ya daftari la mwanafunzi, kwa kalamu nyekundu, ndiyo iliyokuwa mkononi. Alisoma polepole, kila namba akisubiri nimalize, kama nilivyomfundisha. Nilifika mstari wa mwisho.

"Umejaza?" akauliza.

"Nimejaza, mjomba."

"Basi geuza ukurasa," akasema. "Bado."