Mawifi wa Masijala

Binti yangu na mkamwana wangu wanafanya kazi hospitali moja, na ukiwasikia wakibishana utadhani wamegombea bwana. Binti yangu ni mtunza kumbukumbu. Yuko chini, masijala, chumba kisicho na dirisha ila kile kidirisha cha kupokelea watu, na mafaili yamepanda mpaka darini. Mkamwana yuko ghorofa ya juu. Kazi yake wanaiita usimamizi wa taarifa. Yeye ndiye anayepanga nani aone nini, kitu kitunzwe mpaka lini, na nani aulizwe kikivuja. Mimi nilidhani ni kazi ileile, tena nilidhani huyu wa juu ni bosi wa yule wa chini, mpaka siku niliyopelekwa kupasuliwa mawe ya nyongo.

Nilikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, maumivu yananisokota kama nguo inayokamuliwa. Daktari wa usingizi akaniuliza kama nimewahi kulazwa usingizi kwa dawa. Nikamwambia nimewahi, siku ya kumzaa kitinda mimba wangu, na niligoma kuamka. Waliponiamsha kwa taabu wakanionya dawa ile nisije nikapewa tena.

"Dawa gani hiyo, bibi?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala."

Akacheka, lakini kalamu akaiweka chini. Akasema bila kuijua dawa yenyewe hathubutu kunilaza, na nyongo nayo haingoji, inaweza kupasukia ndani. Akauliza nilijifungulia wapi. Hapahapa, nikamwambia. Basi akamtuma muuguzi kwenye faili langu la zamani.

Chumba cha upasuaji kinatazamana na masijala. Muuguzi akaniegesha ukutani, karibu na kidirisha, akaeleza shida yetu. Binti yangu aliponiona uso ulimshuka. Akatoa mkono kidirishani akanishika vidole, halafu akarudi nyuma, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyesimamishwa na askari.

"Huyu ni mama yangu. Siruhusiwi kugusa faili lake."

Kanuni hiyo aliitunga wifi yake wa ghorofani: mtumishi hagusi faili la ndugu. Binti akamwita mwenzake, mzee mmoja wanayemtania Babu Vumbi. Babu Vumbi akapotea katikati ya rafu, akarudi mikono mitupu. Mahali pa faili langu hapakuwa na kitu.

Binti yangu akafumba macho. Ndivyo anavyofikiri tangu mdogo.

"Miaka ile wazazi hawakufunguliwa faili," akasema polepole. "Karatasi za mama zilifungwa pamoja na za mtoto. Usimtafute mama. Mtafute mdogo wangu wa mwisho, rafu za ukuta wa nyuma, chini kabisa."

Nilishangaa. Hapo alikuwa hajasogea hata hatua moja kuzielekea hizo rafu. Mafaili aliyahamisha mwenyewe, siku walipobadilisha chumba, na kila alichokibeba kilibaki kichwani mwake.

Babu Vumbi akaja nalo, limefungwa kamba. Akawa anaishika kamba aifungue.

"Subiri kwanza," binti yangu akamwambia. "Hilo ni la mtu mwingine. Mwiteni wifi."

Nikajisemea moyoni, leo nakufa kwa adabu.

Mkamwana akashuka ngazi mbio, viatu mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salamu nyingine utaniletea wodini."

"Wifi," binti yangu akamwambia, "leo umenaswa kwenye mtego wako mwenyewe. Mimi sigusi la mama, wewe hugusi la mumeo."

"Nimenaswa kweli," mkamwana akakubali, huku tayari anabonyeza simu.

Muuguzi akauliza kwani dharura hairuhusu.

"Inaruhusu, mwenyewe akikosekana. Huyu anapatikana. Tena nakujua, ukiniona leo nimeiruka kanuni, kesho na wewe utairuka." Akaiweka simu kwenye kizingiti cha kidirisha, sauti juu, sote tusikie. "Mume wangu, naomba ruhusa lifunguliwe faili lako la utotoni. Mama anasubiri upasuaji, karatasi zake zimo humo."

"Sasa unaniuliza nini? Fungua. Wewe si mke wangu?"

"Ndiyo sababu sifungui mimi. Atafungua Babu Vumbi, atoe karatasi za mama tu. Unakubali?"

Mwanangu akauliza kwanza:

"Mle ndani yamo yale mambo ya kukojoa kitandani?"

"Hatukuwa tukijua," dada yake akamjibu. "Umeyatangaza mwenyewe, na muuguzi yupo."

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Nakubali," mwanangu akasema. "Fanyeni upesi, jamani."

Hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Kamba ilipofunguliwa, binti yangu alitoka nje akasimama na wifi yake, wote wawili wakaligeuzia faili mgongo. Hakuna aliyewaambia. Mmoja maisha ya mama yake yako mezani, mwingine siri zote za utoto wa mumewe ziko mezani, na wamesimama wanatazama rangi ya ukuta, wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Bila binti yangu, zile karatasi zingebaki chini ya rafu mpaka mchwa azisome. Bila mkamwana, angezisoma kila mwenye macho. Nikasema, nimezaa vizuri na nimeozesha vizuri.

Daktari aliitwa asome mwenyewe. Akasoma, akarudia, kisha akamwambia muuguzi, "Kaondoe ile sindano niliyoiandaa. Ndiyo dawa hii hii aliyokatazwa."

Binti yangu akakaa chini sakafuni. Mkamwana akavaa viatu, kimoja akakikosea mguu.

Wakati wananisukuma, wakaanza tena.

"Karatasi hizi zisirudi kule," binti akasema. "Mama afunguliwe faili lake leo."

"Atafunguliwa, akikubali mwenyewe."

"Nimekubali," nikasema kutoka kitandani.

"Hapana, mama. Mtu mwenye maumivu haulizwi jambo kama hilo. Utaulizwa ukishaamka, akili imetulia."

"Wifi, una roho ngumu," binti yangu akamwambia, lakini hakumbishia.

"Kwa hiyo itabidi niamke," nikasema.

"Itabidi, mama," mkamwana akajibu, na sauti ikamkatikia njiani. Binti yangu akanyanyuka sakafuni, akamzungushia wifi yake mkono begani, nami nikaingizwa ndani.