Sare ya Kumi na Saba

Kabla sijaeleza jinsi gauni la mama lilivyokutwa limelala juu ya nyanya Kariakoo, naomba ifahamike kwamba nilikuwa na nia njema na ujuzi wa kutosha. Shuleni, bweni la wasichana, nilikuwa kiranja wa usafi kwa mihula miwili. Nilivuliwa cheo baada ya kuikagua ofisi ya walimu wakiwa kwenye chakula na kubandika mlangoni karatasi iliyosema: "Chumba hiki kimefeli. Wahusika wafagie upya." Cheo kilikwenda, ujuzi ukabaki.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mama, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama barabara yenye mikokoteni mingi kuliko magari. Kabati la nguo ni moja, na lilikuwa limejaa sare za harusi. Kwetu harusi haihudhuriwi hivihivi. Upande wa bibi harusi unachagua kitambaa, wanawake wote wananunua hichohicho, wanashona, wanavaa siku moja, basi. Ukirudia sare ya harusi moja kwenye harusi nyingine, utasemwa mpaka pilau liishe. Mama, ambaye anauza zipu na vifungo dukani hapo chini na hivyo hualikwa na kila mtu, alikuwa nazo kumi na saba.

Nguo zangu mimi zilikaa kwenye tranka langu la bati la shule. Hata likizo. Mwaka wa tatu sasa, kila asubuhi nilipiga magoti kufungua kufuli nyumbani kwetu, kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi. Nilitaka rafu moja tu.

"Rafu ipi?" mama aliniuliza. "Kabati lenyewe nalifunga kwa goti."

"Nikilipanga likafungika kwa kidole?"

Akanitazama juu ya miwani. "Likifungika kwa kidole, rafu ya juu yako. Toa kila kisichovaliwa. Ila sare usiguse hata moja, Badria. Ukigusa, utakaa na tranka lako mpaka uolewe."

Alipoteremka dukani, nilibandika tangazo kwenye mlango wa kabati kuwataarifu wakazi wote kuwa ukaguzi umeanza na hakuna rufaa. Kisha nikafanya kazi kwa haki. Baibui mbili zilizopauka zilitolewa. Dera lenye matobo matatu lilitolewa, pamoja na mkoba usio na mpini na sidiria nne zilizostaafu bila kuagwa. Nilijaza viroba viwili. Nilizikunja kanga kwa vipimo vya bweni, kingo zote zikitazama upande mmoja, nikasogeza henga, nikafuta vumbi.

Adhuhuri nikajaribu mlango. Goti halikuhitajika tena. Lakini kidole hakikutosha, ilibidi bega. Palizidi unene wa gauni moja.

Nikaitazama sare ya kumi na saba. Ilikuwa ya harusi ya mama mdogo Moza, mdogo wake mama, miaka minne iliyopita: satini ya rangi ya chungwa, mikono imevimba mabegani kama maandazi. Mikono ile peke yake ilikula nafasi ya magauni matatu. Zipu ilikuwa imekufa, na mama mwenyewe hakuwa akiingia tena humo. Niliitisha kikao cha mtu mmoja, na kura zote zikaangukia upande mmoja.

Chini, Tarsis muuza nyanya alikuwa anapigana na jua.

"Mambo, Tarsis?"

"Poa, kiranja." Huniita hivyo tangu nilipomsimulia habari ya ofisi ya walimu. "Leo jua linazipika nyanya kabla ya wateja."

Nikampa satini. Akaitandaza juu ya mkokoteni, akaipapasa. "Hii si ya sherehe?"

"Ilikuwa."

Akanichagulia nyanya nne nzuri za shukrani, nami nikapanda ngazi kumalizia jambo moja dogo. Mama huhesabu. Kwa hiyo nilichukua pazia letu la zamani, nalo rangi ya chungwa, nikalitundika kwenye henga, nikalivisha nailoni ya dobi kama wenzake. Kwa mbali lilipendeza kuliko gauni.

Mama alirudi, akahesabu nailoni kumi na saba, akausukuma mlango kwa kidole cha mwisho. Ukafunga bila kelele.

"Mh," alisema. "Haya. Rafu yako."

Niliimiliki ile rafu kwa muda wa saa tatu. Nilipanga mashati yangu, sketi mbili, hijabu, sweta. Nililifungua na kulifunga kabati mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama akapika mchuzi, akazisifia nyanya.

"Umezipata wapi?"

"Tarsis kanipa."

"Kakupa tu?"

"Ana moyo mzuri."

Baada ya swala ya alasiri, mama mdogo Moza akabisha hodi. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi na mfuko wa plastiki mapajani.

"Dada," alisema, "mwenzio nimepita kununua nyanya, nimekuta nyanya zimevaa sare ya harusi yangu." Akaitoa. Ilikuwa na vumbi na doa jekundu begani. "Wanawake arobaini walivaa hii. Sasa nataka kujua ni nani kati yao kaona harusi yangu inafaa kufunikia nyanya."

"Astaghfirullah," alisema mama. "Hukumuuliza muuzaji?"

"Kasema kapewa na kiranja. Kiranja gani?"

Niliona ni wakati mzuri wa kwenda kuosha vyombo.

"Labda ni wale wa Ilala," mama alisema. "Wale hawana adabu. Mimi yangu ipo, imetulia. Subiri nikuonyeshe."

"Mama, si lazima..."

"Kaa chini, Badria."

Akalifungua kabati, akaishika henga kwa heshima, akaivua nailoni mbele ya mdogo wake. Pete za pazia zikalia, moja baada ya nyingine.

Huko barabarani mtu alikuwa anaomba njia ya mkokoteni.

"Dada," Moza alisema taratibu, "kumbe wewe ulivaa yenye pete."

Mama hakucheka. Alilitazama pazia, kisha sufuria ya mchuzi, kisha mimi. "Badria. Zile nyanya."

Nikakiri yote. Sikuweka mapambo.

"Nilikwambia nini?"

"Nisiguse hata moja."

"Toa nguo zako kwenye rafu."

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Nikavuta tranka kutoka uvunguni, nikapiga magoti, nikaanza kuteremsha mashati. Mama mdogo alikuwa ananitazama.

"Kwani anasafiri?"

"Anarudisha nguo zake mahali pake," mama alisema.

"Kwenye tranka? Akiwa hapa nyumbani?"

Mama alianza kulikunja pazia, akakosea, akaanza upya.

Moza akasimama mbele ya kioo cha kabati, akajiwekea gauni lile kifuani. "Unajua mimi sina?"

"Huna nini?"

"Sare. Bibi harusi hashonewi. Mimi nilivaa shela la kukodi, Jumatatu likarudi kwa mwenyewe. Nikitazama picha, ninyi arobaini mmefanana, mnacheka pamoja, mimi nimekaa katikati peke yangu kama sanamu. Sina hata uzi wa siku ile." Akaigeuza ile mikono huku na huku. "Mikono mibaya hii. Nani aliichagua?"

"Wewe," alisema mama.

Wakacheka, kwanza Moza, halafu mama akiwa amejiziba mdomo.

"Niachie, dada."

"Chukua. Zipu nitakubadilishia kesho."

Mama akabaki amesimama mbele ya kabati. Akatoa nailoni nyingine, ya zambarau. "Hii ya Candida wa ghorofa ya kwanza. Naye atakuwa hana." Akatoa ya kijani. "Na Jacqueline." Halafu akaniambia, bila kugeuka, "Lete kalamu na karatasi. Uandike majina vizuri, maana kesho utazipeleka wewe, kwa miguu, na utaanza na kumwomba radhi mama yako mdogo."

Niliomba radhi. Niliandika majina kwa mwandiko wa mtihani. Hadi magharibi sare saba zilikuwa kitandani, kila moja na jina la bibi harusi wake. Kumi mama alishindwa kuziachia, wala sikuthubutu kumshauri.

Mama mdogo alipoondoka, mama alisukuma mlango wa kabati kwa kidole, akaufungua tena.

"Rudisha nguo zako juu."

Nilizirudisha upesi, kabla ya hukumu kubadilika. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akalitazama tranka langu.

"Hilo sasa liko tupu?"

"Mpaka Januari, mama."

"Mpaka Januari," alikubali, akainuka, akalitia lile pazia ndani ya tranka.